Askari Aliyeumia Kazini: Ni Sadaka au Ni Deni?

Siku moja, baada ya mafundisho, mzee mmoja wa parokia yetu alitungoja mlangoni pa kanisa. Alikuwa amesikia katika redio habari za wazimamoto na polisi wa mji wa New York, huko Marekani. Wengi wao wanatibiwa hata leo kwa mali ya serikali, kwa sababu ya magonjwa waliyoyapata kazini tangu mwaka 2001. Mzee akatuuliza: «Mwalimu, watu hao hawakupewa mshahara wao? Fundi akiisha kunijengea nyumba, nami nikamlipa, tunaagana kwa amani. Hanidai, wala simdai. Mbona wale wanalipwa tena na tena? Kama ni huruma, sikatai. Lakini wasiseme ni haki yao.»

Hatukumjibu mara moja. Neno lake si la kijinga. Hata wakubwa wa Marekani wenyewe waliligombania kwa miaka mingi. Basi tukamwomba atupe muda wa kufikiri. Haya ndiyo tuliyoyapata, nasi tunayaweka mbele yenu, ili kila mmoja ayapime kwa akili yake.

1. Habari yenyewe

Tarehe 11 Septemba 2001, asubuhi, watu wenye nia mbaya waliteka ndege, na mbili kati ya hizo wakazigongesha kwenye majumba mawili marefu ya New York. Majumba yakawaka. Maelfu ya watu walishuka ngazi mbio mbio ili wajiokoe. Wazimamoto walipanda ngazi zile zile, wamebeba vyombo vizito vya kazi mgongoni. Kabla ya saa tano ya asubuhi, majumba yote mawili yalikuwa yameanguka. Katika mji ule walikufa watu 2,753. Kati yao walikuwamo watu 343 wa zimamoto, polisi 23 wa mji, na polisi 37 wa mamlaka ya bandari. Mmoja wa wale 343 alikuwa Padri Mychal Judge, Mfransisko, aliyekuwa padri wa wazimamoto tangu mwaka 1992. Katika daftari ya wafu wa siku ile, jina lake liliandikwa kwa namba ya kwanza.

Hao waliokufa siku ile walililiwa na dunia nzima. Ubishi mkubwa ulikuja baadaye, kwa ajili ya wale waliobaki hai. Moto chini ya kifusi uliendelea kuwaka hadi mwezi wa Desemba, na kazi ya kuondoa kifusi ilikwisha mwishoni mwa Mei 2002. Muda huo wote wazimamoto, polisi, mafundi wa chuma, madereva na watu waliojitolea walichimba, kwanza wakitafuta walio hai, halafu wakitafuta maiti za wenzao. Walivuta vumbi la saruji, la vioo vilivyosagika, la risasi, na la asbesto, yaani yale madini yenye nyuzi nyembamba ambazo zikiingia mapafuni ni vigumu kutoka. Wengi hawakuwa na kitu cha kufaa cha kufunika pua na mdomo.

Tarehe 18 Septemba 2001, siku saba tu baada ya msiba, mkubwa wa ofisi ya serikali inayochunga usafi wa hewa na maji alitangaza kwamba hewa ya New York ni salama kuvutwa. Mwaka 2003 mkaguzi wa ofisi ile ile aliandika kwamba siku ile hawakuwa na vipimo vya kutosha vya kusema hivyo. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuivuta.

2. Mlango uliofungwa mapema

Serikali ilikuwa imefungua mfuko wa fidia mara baada ya msiba. Mfuko huo ulipokea maombi hadi Desemba 2003, ukalipa zaidi ya dola miliari 7 kwa jamaa za wafu na kwa walioumia. Kisha mlango ukafungwa. Kumbe ugonjwa wa vumbi haufuati kalenda ya ofisi. Mtu anaanza kwa kikohozi, baada ya miaka anapungukiwa na pumzi, na pengine baada ya miaka kumi au zaidi daktari anamwambia kwamba ana kansa. Alipokuwa mzima mlango ulikuwa wazi. Alipokuwa mgonjwa aliukuta umefungwa.

Hapa inafaa tueleze jinsi mambo yalivyo katika nchi ile. Huko Marekani watu wengi hupata bima ya matibabu kwa njia ya kazi yao. Basi, ugonjwa unaomtoa mtu kazini waweza kumtoa hata katika bima, wakati ule ule anapoihitaji kuliko siku zote. Tena, kwa polisi na wazimamoto wa New York walioajiriwa zamani, yule aliyetimiza miaka 20 ya kazi alipewa pensheni ya nusu ya mshahara wake. Lakini yule aliyekuwa kilema kwa ajali ya kazi alipewa robo tatu. Mnaona, ndugu, kwa nini neno moja «kazini» lilikuwa na uzito mkubwa. Daktari akiandika kwamba ugonjwa umetoka kazini, nyumba ya mgonjwa inasimama. Asipoandika hivyo, inayumba.

Tarehe 5 Januari 2006 alikufa James Zadroga, polisi wa upelelezi, mwenye umri wa miaka 34. Alikuwa amefanya kazi nyingi katika kifusi kile. Daktari mmoja wa jimbo la New Jersey, aliyepasua maiti yake, alisema kwamba vumbi lile ndilo lililomwua. Mwaka 2007 daktari mkuu wa maiti wa mji wa New York akakataa, akasema sivyo. Ubishi huo wa waganga haukupata mwisho ulio safi. Hata hivyo, sheria ya kuwatibu wagonjwa wa vumbi ilipokubaliwa na Bunge mwezi wa Desemba 2010, na kutiwa sahihi na Rais Obama tarehe 2 Januari 2011, ilipewa jina la Zadroga. Ilianzisha matibabu bila malipo, tena ikaufungua mfuko wa fidia. Mwanzoni kansa haikuhesabiwa kati ya magonjwa ya kutibiwa. Aina nyingi za kansa ziliongezwa mwaka 2012. Mwaka 2015 matibabu yalirefushwa hadi mwaka 2090. Lakini mfuko wa fidia haukurefushwa hivyo. Mwezi wa Februari 2019 wasimamizi walitangaza kwamba mali inakwisha: waliokwisha kuomba watapewa nusu tu ya haki yao, na watakaoomba baadaye watakatwa sehemu 70 kwa mia.

Tarehe 11 Juni 2019 Luis Alvarez, polisi wa upelelezi aliyestaafu, alisafiri hadi Washington kusema mbele ya kamati ya Bunge. Alikuwa amekonda kabisa. Kesho yake alipaswa kuanza dawa kali za kansa kwa mara ya 69. Tarehe 29 ya mwezi ule ule alikufa, akiwa na miaka 53. Mwezi uliofuata Seneti ilipiga kura, 97 kwa 2, na tarehe 29 Julai Rais Trump akatia sahihi sheria ya kuuendeleza mfuko hadi mwaka 2090. Sehemu zile zilizokatwa zikarudishwa.

3. Mshahara hununua nini?

Sasa turudi kwenye swali la mzee wetu. Yeye alitumia mfano wa fundi. Nasi tutumie mfano huo huo, maana ni mzuri, ila haukuelezwa mpaka mwisho.

Ukipatana na fundi kwamba atakujengea ukuta, bei mnayopatana ni bei ya ukuta. Unalipa siku zake, jasho lake na ufundi wake. Basi, akiwa juu ya paa lako, mti unakatika, naye anaanguka na kuvunjika mguu. Je, ule mshahara uliompa ulikuwa bei ya mguu? Hapana. Hakuna kati yenu aliyetaja mguu. Yeye hakuuza mguu, wala wewe hukununua. Lakini mguu umekwenda, nao umekwenda kwa kazi yako. Hapo kimetoka kitu ambacho hakijalipwa. Kilichotoka bila kulipwa kinaitwaje, kama si deni?

Wazee walitufundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, na kwamba huruma huanza pale haki inapokwisha kutimizwa. Mzimamoto hupewa mshahara kwa ajili ya siku anazolinda mji. Huo ni bei ya siku. Mapafu yake hayakuwamo katika bei. Yakiharibika kwa kuokoa watu wa mji, mji umetumia kitu cha mtu, nao haujakilipa. Kumtibu si kumlipa mara ya pili. Ni kumlipa mara ya kwanza kile ambacho bado.

Na tofauti ya sadaka na deni si maneno matupu. Mwenye kutoa sadaka huchagua siku, huchagua kiasi, na aweza kuacha akichoka. Mwenye kupokea hushukuru na kuinamisha kichwa. Lakini mwenye deni hana ruhusa ya kumchosha anayemdai. Ndiyo maana habari ya Alvarez inatuumiza moyo. Siyo tu kwamba alikuwa mgonjwa. Watu wengi ni wagonjwa. Inatuumiza kwa kuwa mtu aliyekuwa na haki ya kudai alilazimika kusafiri katika siku zake za mwisho na kusema kama mwombaji.

4. «Alijua hatari, akakubali»

Wengine watasema: Mzimamoto alijua kwamba moto huua. Hakuna aliyemlazimisha. Wenye elimu ya sheria wana neno la Kilatini: Volenti non fit iniuria, maana yake, aliyekubali hakudhulumiwa.

Tunajibu mambo mawili. La kwanza: mtu hawezi kukubali asichokijua. Wale wa New York walikubali moto, na moshi, na kuta zinazoanguka. Je, walikubali vumbi ambalo serikali yenyewe iliwaambia kwamba si hatari? Ukimwambia mtu kwamba maji ya mto ni mafupi, naye akaingia akazama, usiseme alikubali kuzama.

La pili: hata hatari aliyoijua, hakuikubali kwa ajili ya faida yake mwenyewe. Mwindaji aingiaye porini kutafuta nyama yake amejipeleka mwenyewe. Mzimamoto ametumwa. Tunapolala usiku, sisi sote tunajua kwamba nyumba ikiwaka, yupo mtu atakayeingia badala yetu. Tumemwachia sehemu yetu ya hatari. Wahenga husema: Mchuma janga hula na wa kwao. Ikiwa ndugu hula pamoja hata janga ambalo mmoja wao alilichuma kwa upumbavu wake, je, si zaidi janga ambalo mmoja wao alilichuma kwa kutumwa nao?

Kwa sababu hiyo pia ilikuwa haki kwamba sheria ile haikuwatazama polisi na wazimamoto peke yao, ila na wafanyakazi wengine, na waliojitolea, na wakaaji wa mtaa ule. Deni halizaliwi na nguo za kazi. Mtu aliyechimba kifusi bila kofia ya askari alivuta vumbi lile lile.

5. Nani abebe mashaka?

Hapa ndipo penye ugumu, na hatutaki kuuficha. Kansa haiandiki jina la aliyeileta. Mtu mmoja aliyevuta vumbi anaugua. Jirani yake asiyelivuta naye anaugua ugonjwa ule ule. Tutajuaje kwamba wa kwanza ameugua kwa kazi? Mara nyingi, kwa mtu mmoja mmoja, hakuna mganga awezaye kuapa. Tumeona jinsi waganga wawili walivyopingana juu ya maiti ya Zadroga.

Basi, ikiwa mashaka hayaondoki, lazima mtu mmoja ayabebe: au mgonjwa, au waliomtuma. Tuangalie makosa mawili yanayoweza kutokea. Tukimtibu mtu ambaye ugonjwa wake ulitoka kwingine, tumepoteza mali, na mali hiyo imegawanywa kwa watu mamilioni, hata kila mmoja hasikii uzito wake. Tukimkataa mtu ambaye ugonjwa wake ulitoka kazini, tumempoteza mtu, na uzito wote umeanguka juu ya nyumba moja, juu ya mke na watoto. Makosa haya mawili si sawa. Mwenye mabega mapana ndiye abebe mzigo wenye mashaka.

Tena kuna sababu nyingine. Nani alikuwa na vyombo vya kupima hewa? Si yule aliyekuwa na sepetu mkononi. Ni haki gani kumwambia mgonjwa alete ushahidi ambao sisi tulipaswa kuukusanya, nasi hatukuukusanya?

Mwaka 2005 jimbo la New York lilitunga sheria yenye akili hii: aliyefanya kazi ya kuokoa au kusafisha mahali pale, akipata magonjwa fulani, ahesabiwe kwamba ameyapata kazini, mpaka ionekane sivyo. Mashaka yaliondolewa kichwani pa mgonjwa, yakawekwa kichwani pa ofisi. Wala neno hili si la New York peke yake. Mwaka 2022 wataalamu wa shirika la dunia linalochunguza kansa, lililo Lyon, Ufaransa, walitangaza kwamba kazi ya zimamoto yenyewe huleta kansa kwa watu. Kwa hiyo hata mzimamoto ambaye hakuona msiba mkubwa hata mmoja, ila moto wa kila juma kwa miaka 25, naye ana neno la kudai.

6. Waongo, na mali inayokwisha

Yapo maneno mengine mawili ya kupinga. La kwanza ni hili: watu watadanganya. Ni kweli, na walidanganya. Mwezi wa Januari 2014 waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki watu zaidi ya 100, na wengi wao walikuwa polisi na wazimamoto waliostaafu, kwamba walijifanya wagonjwa ili wapate mali ya vilema. Wengine walisema uongo kwamba akili yao iliharibika kwa sababu ya msiba wa mwaka 2001.

Aibu hiyo ni kubwa, na afaa kuadhibiwa kila aliyefanya hivyo. Tena, mtu wa kwanza aliyeibiwa na mwongo si serikali. Ni mwenzake aliye mgonjwa kweli, kwa maana tangu siku ile kikohozi chake nacho kinatazamwa kwa jicho baya. Lakini wizi wa mmoja haufuti deni la mwingine. Mwizi akiingia katika ghala ya kijiji, tunaweka mlinzi. Hatuwaambii wajane kwamba mwaka huu hawatakula.

Neno la pili: mali ina mwisho. Hilo nalo ni kweli, na nchi maskini haiwezi kulipa kama nchi tajiri. Lakini mdaiwa aliyepungukiwa husemaje, akiwa mtu wa kweli? Husema: «Ndugu yangu, leo nina kidogo, pokea hiki, nami sijasahau kilichobaki.» Hasemi: «Hunidai kitu.» Upungufu wa mali huchelewesha malipo, haubadili jina la deni. Na nchi tajiri kama ile haina ruhusa ya kujificha nyuma ya neno hilo. Mwaka 2019 mfuko ulikuwa unakwisha. Bunge lilipotaka, mali ilipatikana katika majuma machache. Kilichokuwa kimepungua si mali, ni mapenzi.

7. Hesabu ya mwaka 2023

Mwezi wa Septemba 2023 wakubwa wa zimamoto wa New York walitangaza hesabu ya huzuni. Wenzao waliokufa kwa magonjwa ya vumbi walikuwa wamefika 343, sawasawa na wale waliokufa siku ile ya msiba. Tangu hapo hesabu imezidi. Maana yake ni kwamba majumba yale hayakumaliza kuanguka mwaka 2001. Yameendelea kuanguka polepole, juu ya mtu mmoja mmoja, katika vitanda vya hospitali, mbali na macho ya watu. Na huko mbali na macho ndiko deni husahauliwa upesi.

Kwa hiyo tunasema: kumtibu aliyeumia kwa kazi ya wote, na kumlisha yeye na nyumba yake kama hawezi tena kazi, ni deni, si sadaka. Lilipwe bila kumlazimisha kupiga magoti. Lilipwe mapema, kabla mwenye kudai hajafa. Na penye mashaka, waliomtuma wayabebe. Deni likiisha kulipwa, ndipo huruma ipate nafasi yake: kumtembelea, kukaa naye, kumsikiliza, kumfanya ajue kwamba hakusahauliwa. Hayo sheria haiwezi kuyafanya. Lakini tusiyatoe badala ya deni.

Dominika iliyofuata tulimwendea mzee wetu, tukamweleza haya yote kwa ufupi, pamoja na habari ya fundi aliyeanguka kutoka paa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: «Mwalimu, yule aliyenijengea jiko aliumia mkono kwangu. Nilimpelekea kuku mmoja. Miaka hii yote nilijisifu kwamba nilimhurumia.»

Tulimwuliza kama mtu huyo angali hai. Akajibu: «Yu hai. Anakaa ng'ambo ya mto.» Akachukua fimbo yake, akaondoka.

Ndugu wasomaji, na sisi tujiulize: ng'ambo ya mto wetu anakaa nani?